Bomba Lililopita Chumbani kwa Mama

Fundi rangi alikuwa amekwisha kukwangua kuta tatu za chumba cha mama na kuanza ya nne, ile inayopakana na bafu, aliposimamisha msasa na kuniita. Mabomba mawili ya chuma ya nusu inchi yalipita hapo usawa wa goti, moja la maji baridi na jingine la maji moto yatokayo kwenye hita ya jikoni, yakiwa yamebanwa kwa klipu zilizopakwa rangi mara nyingi hata vichwa vya skrubu havikuonekana tena. Nyuma yake lipu ilikuwa imevimba. Aliigusa kwa ncha ya mwiko, kikabanduka kipande cha ukubwa wa kiganja, na chini yake tofali lilikuwa jeusi kwa unyevu.

“Nikipaka hapa juu juu, mama ataifurahia rangi hii mpaka masika tu,” alisema. “Haya mabomba yatoke kwanza.”

Kuyatoa ilikuwa kazi ya mikono. Kuyarudisha ilikuwa kazi ya kuamua, na uamuzi huo ndio ulionisumbua wiki zote hizi, mpaka nikaona heri niuandike.

## Hapakuwa na pa kuanzia

Nyumba ya mama iko Isamilo, mtaa wa Mwanza, upande wa mlimani, na kama zilivyo nyumba nyingi za huko, tangi lake limekaa juu ya jiwe lililo nyuma ya ua. Hakuna aliyeona haja ya kujenga mnara wakati mnara ulikuwepo kabla ya nyumba. Tulifunga koki ya tangi na ya mita, tukazima hita na kuiacha ipoe, kisha tukafungua bomba la chini kabisa, lile la uani la kufulia, pamoja na la juu kabisa bafuni, ili hewa iingie huku maji yakitoka. Usipofungua la juu, maji hubaki yamening’inia ndani na kukumwagikia mara tu unapolegeza kiungo cha kwanza.

Fundi bomba ni mzee aliyefahamiana na marehemu baba, na mama humwita shemeji. Alitembea kando ya ukuta akipapasa mabomba kutoka pembe hadi pembe, halafu akatikisa kichwa.

“Hakuna yunioni hata moja,” alisema. “Bomba la chuma, mwanangu, lina meno huku na huku, na meno yote yanazungukia upande mmoja. Ukilifungua huku, unalikaza kule.”

Nimeishi na mabomba ya chuma maisha yangu yote bila kulifikiria jambo hilo. Mfumo wa namna hiyo hufungwa kipande baada ya kipande, kutoka kwenye tangi hadi bomba la mwisho, na njia pekee ya kuufungua kwa uaminifu ni kuanza na kilichofungwa mwisho na kurudi kinyumenyume: sinki la bafuni, kisha elbo yake (kiungo cha kona), kisha tii (kiungo cha njia tatu), kisha kipande kinachopenya ukuta, mpaka ufike unapopataka. Yunioni iliwekwa duniani kwa ajili ya shida hii. Ina nusu mbili na nati inayozishika, kwa hiyo bomba huachana katikati bila lenyewe kuzungushwa hata kidogo. Yunioni moja kwa kila bomba, na koki moja kabla yake, zingetuwezesha kuyashusha yote mawili kabla chai ya mama haijapoa.

Kwa kuwa hazikuwepo, tulikata.

## Ndani ya chuma

Msumeno ulipomaliza kupita kwenye bomba la maji moto, mzee alinipa kipande nikiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Bomba jipya la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. Tundu la lile halikuweza kupitisha penseli. Kutu ilikuwa imejijenga kwa matabaka, la nje jeusi na gumu, la ndani la rangi ya matofali na laini kiasi cha kukwanguka kwa ukucha, na katikati palibaki njia iliyopinda ambayo maji ya kuoga ya mama yalikuwa yakipita. Kwa muda mrefu tumekuwa tukilaumu hita.

Bomba la maji baridi halikuwa na hali mbaya hivyo, na tofauti hiyo ina sababu. Zinki iliyopakwa kwenye chuma hukikinga kwa kuliwa yenyewe kwanza. Lakini maji yakizidi nyuzi joto 60 hivi, zinki huweza kupoteza uwezo huo, na chuma kikabaki kujitetea chenyewe. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za zamani bomba la moto ndilo linaloziba na kutoboka mapema, ingawa yote yalifungwa siku moja na fundi mmoja.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa nje ya bomba. Unyevu ulikuwa umeonekana katikati ya ukuta, nasi tukautafuta uvujaji hapo hapo, lakini bomba lilikuwa zima. Uvujaji ulikuwa kwenye elbo ya pembeni, mbali kidogo. Tone lilitoka kwenye meno ya elbo, likatambaa mgongoni mwa bomba ambako jicho halifiki, likafika kwenye klipu ya kwanza, na hapo klipu ikaliongoza kuingia kwenye lipu. Mzee alipoifungua elbo, katani iliyozungushwa kwenye meno ilikuwa bado ipo, nyeusi na imelainika. Aliichomoa kwa ncha ya bisibisi, akasugua meno kwa brashi ya waya, akajaribu kufunga kiungo kipya kutoka dukani. Kilishika vizuri. Meno ya nusu inchi ni 14 kwa kila inchi, leo kama zamani, na hiyo ni neema kubwa kwa anayekarabati nyumba ya wazazi wake.

## Kufukia au kuacha wazi

Kwamba mabomba mapya yangekuwa ya PPR, plastiki ngumu ambayo viungo vyake huchomelewa kwa joto, hakuna aliyebisha. Ubishi ulihusu mahali pa kuyapitisha.

Fundi ujenzi, kijana hodari ambaye kazi yake imenyooka, alitaka kuchimba mtaro ukutani, kuyalaza humo, kupiga lipu juu yake na kumwachia fundi rangi ukuta mtupu. Mzee alitaka yarudi juu ya ukuta. Nyumba zote mpya ninazoingia, Nyegezi, Buswelu, Kiseke, zimefukia mabomba, na ukweli ni kwamba zinapendeza. Nilikuwa upande wa kijana. Nilipolala usiku ule nikafikiria lile tone lililotambaa mgongoni mwa bomba, nikajiuliza: lingekuwa ndani ya ukuta, tungelijua lini?

Asubuhi yake nilipima ukuta wenyewe. Ni wa tofali za inchi 6, yaani milimita 150 hivi. Uingereza wana kanuni ya ujenzi ninayoiona ya busara: mtaro wa kulala usizidi sehemu moja ya sita ya unene wa ukuta, na wa kusimama usizidi theluthi. Kwa ukuta wetu, mtaro wa kulala ungeishia milimita 25. Bomba la PPR la maji moto tulilokusudia lina kipenyo cha nje cha milimita 25 hizo hizo. Maana yake ni kwamba lingejaa kwenye mtaro mpaka usawa wa tofali, na kitakacholitenga na msumari wa yeyote atakayetundika picha au reli ya pazia ni lipu peke yake. Mtaro wa kusimama huruhusiwa kuingia ndani zaidi, kwa sababu ukuta hubeba uzito kwenda chini na mtaro wa kusimama haukati njia ya uzito huo kwa urefu wa chumba kizima.

Hata hivyo mzee naye hakuwa na haki yote, na ingekuwa dhuluma nisiseme hivyo. PPR hurefuka kwa joto kuliko chuma: milimita 0.15 kwa kila mita na kwa kila nyuzi moja. Bomba la mita 4, maji yakipanda kwa nyuzi 40, huongezeka milimita 24. Ukilibana wazi ukutani kwa klipu zinazolikaba, halina pa kwenda, na baada ya muda linapindapinda kama nyoka aliyegongelewa misumari. Nimeyaona mabomba ya namna hiyo kwenye nyumba za wageni na kudhani fundi alikuwa mlevi, kumbe joto ndilo lililofanya kazi. Bomba lililofukiwa hubanwa na ukuta pande zote na halipati nafasi ya kupinda.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na hoja, nami sikuwa na jibu.

## Rejeta za ukutani

Binamu yangu anayeishi Uingereza alipiga simu jioni moja kumsalimia shangazi yake, akakuta chumba kimevurugwa. Alicheka kwa kuwa yeye naye alikuwa amemaliza kupaka rangi sebule yake, na kazi ya kwanza ilikuwa kutoa rejeta. Nilizijua za magari tu. Akanieleza kwamba kule maji ya moto huzungushwa na pampu kupitia mabomba hadi kwenye masanduku bapa ya chuma yaliyotundikwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha, ili chumba kipate joto wakati wa baridi. Na anayetaka kupaka rangi au kubandika karatasi ya ukutani nyuma yake hana budi kulishusha.

Nilimwuliza kama walikata mabomba. Alishangaa swali lenyewe.

Kila rejeta, alisema, ina koki mbili, moja kila upande. Unazifunga zote, unaweka beseni na matambara chini, unafungua kijitundu cha hewa kilicho juu, unalegeza nati mbili, maji meusi ya kutu yanatoka, kisha unalinyanyua kutoka kwenye ndoano zake na kulitoa nje. Nyumba nzima inaendelea kupata joto. Koki moja kati ya hizo mbili imewekwa kwa kipimo ili maji yagawike sawa kati ya vyumba, kwa hiyo kabla ya kuifunga unahesabu mizunguko na kuiandika, na ukirudisha unaifungua kwa mizunguko ile ile. Baada ya hapo unajaza maji, unatoa hewa, unakagua nati kwa kitambaa kikavu.

Hatuna haja ya rejeta Mwanza, Mungu atuepushe na baridi hiyo. Lakini maelezo yale yalibadilisha swali langu. Waliotengeneza kitu kile walijua tangu mwanzo kwamba siku moja mtu atataka kupaka rangi nyuma yake, wakamwachia koki, nati na ndoano. Mimi na mafundi tulikuwa tukibishana kuhusu kuonekana na kutoonekana, wakati jambo la kuuliza lilikuwa hili: atakayekuja kukarabati chumba hiki baada yetu ataanzia wapi?

## Kipimo cha tangi

Kuna jambo jingine lililonifanya niogope kufukia, nalo linahusu milima yetu.

Mafundi wengi, wakimaliza kuunganisha, hufungulia maji ya tangi, hupitisha kidole kwenye viungo, na wakikuta pakavu huanza kupiga lipu. Tangi la mama liko juu ya bomba la chumbani kwa mita 6 hivi. Mita 10 za maji huleta presha ya takriban bar 1, kwa hiyo jaribio la tangi lile ni bar 0.6. Kiungo kibovu kinaweza kuistahimili presha hiyo na kisitoe hata jasho. Lakini katika mji uliojengwa juu ya miamba, maji ya bomba husukumwa kutoka ziwani hadi kwenye matangi ya mlimani na kuteremka tena, na kila mita 10 za kuteremka huongeza bar nyingine. Nyumba iliyo bondeni, chini ya tangi lililoko kilimani mita 50 juu yake, inaweza kupata bar 5 usiku wa manane wakati watu wamelala na mabomba yote yamefungwa. Siku utakapoamua kuunganisha chumba moja kwa moja na bomba la mtaa, ndipo jaribio la kweli litakapofanyika, na lipu iko juu yake.

Mzee ana pampu ya mkono yenye geji. Alijaza maji, akatoa hewa yote, akapampu hadi bar 10, akatuambia tusubiri. Mshale ulishuka kidogo, nikashtuka. Akasema PPR hutanuka kwanza inaposukumwa, akapampu tena. Mara ya pili mshale ulitulia na tukauacha ukae saa kadhaa. Nashauri kwa moyo wote kila anayekarabati nyumba adai jambo hili kabla mwiko haujaguswa, hata ikibidi kumkodishia fundi pampu.

Uchomeleaji wenyewe nao una mambo yake. Mashine hutakiwa kufika nyuzi 260; bomba la milimita 20 hukaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha vipande viwili husukumwa kimoja ndani ya kingine moja kwa moja, bila kuzungushwa, na kushikwa hadi vishikane. Joto likizidi, plastiki huyeyuka kuingia ndani na kupunguza tundu. Likipungua, kiungo hufanana na kizima na si kizima. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya kiungo cha tii, na mzee hakujaribu kuwahi joto lililobaki. Alikata kipande kile, akakitupa, akakaa kwenye ngazi kusubiri. Niliuona ufundi wake hapo kuliko mahali pengine popote.

## Mama naye ana neno lake

“Shemeji, nakuheshimu,” mama alimwambia mzee, “lakini sitalala nikitazama mabomba.”

Chumba ni chake, na neno lake lilikuwa na uzito kuliko hesabu zangu za milimita. Tuliyaondoa mabomba kwenye usawa wa goti, tukayapitisha yakiwa yamesimama kwenye pembe iliyo karibu na mlango, hadi juu ya dari, na kutoka huko yakashuka upande wa bafu. Kwa bomba la moto tulinunua PPR yenye tabaka la alumini, ambayo hurefuka kidogo sana kuliko ya kawaida, na kwa kuwa njia sasa ina kona nyingi, kurefuka kunakobaki kunamezwa na kona. Klipu zinalishika bila kulikaba. Kila bomba lina koki yake na yunioni yake, zote kwenye kimo cha mkono wa mtu aliyesimama.

Pembe ile seremala aliifunika kwa sanduku jembamba la mbao, nalo ndilo lililoleta mjadala wa mwisho. Kijana alitaka kulipigilia na kuziba kingo zake kwa silikoni ili rangi ipite bila alama. Nilikataa. Limeshikwa kwa skrubu nne zinazoonekana, na chini yake tumeacha uwazi wa upana wa kidole juu ya sakafu. Ikitokea kiungo kinavuja, maji yatatokea sakafuni siku hiyo hiyo, hayatapata lipu ya kujificha.

Mama alilitazama sanduku kwa muda, akauliza kama linaweza kupakwa rangi ya ukuta. Linaweza.

## Zamu ya rangi

Mpangilio wa kazi nilidhani ni jambo dogo, nao ulizua ugomvi kati ya mafundi kuliko hata mabomba. Fundi bomba hupenda kumaliza na kuondoka. Fundi rangi hataki mtu atoboe ukuta aliokwisha kuupaka. Tuliafikiana hivi: mabomba ya zamani yatolewe, njia mpya ichorwe ukutani kwa chaki, matundu ya klipu yatobolewe na plagi zake zitiwe, ndipo lipu iliyobomoka irudishwe. Lipu ya saruji tuliiacha ikae wiki nne hivi kabla ya rangi, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaoishambulia rangi na kuiacha na mabaka. Rangi ilipokauka, klipu zilifungwa, mabomba yakaja mwisho na kukaa kwa nafasi ya kutosha brashi kupita nyuma yake.

Kipande kimoja cha bomba jipya la zinki kilibaki nje, kati ya tangi na ukuta, kwa kuwa PPR ya kawaida haistahimili jua la miaka mingi bila kufunikwa. Fundi rangi alitaka kukipaka rangi ya mafuta ile ile ya madirisha. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki mpya, mafuta yake na zinki hutengeneza kitu cha jamii ya sabuni katikati, na rangi hubanduka kama ngozi. Hutangulizwa rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Vivyo hivyo na jasi: skimu ya jasi, lile tabaka laini la mwisho juu ya lipu, ikipata unyevu hula zinki na chuma, kwa hiyo pale kipande kile kinapoingia ukutani tumezungushia saruji, jasi ikaishia mbali nacho.

## Bafuni

Bafu ni zamu inayofuata, na huko mabomba yatafukiwa. Marumaru hadi kwenye dari na mabomba yaliyo wazi havipatani, kwa usafi na kwa macho pia. Lakini yatashuka wima peke yake, kutoka darini hadi kwenye kila koki, bila mtaro hata mmoja wa kulala, na yatapampiwa hadi bar 10 kabla ya lipu. Kila ukuta utapigwa picha ukiwa wazi, na futi ya kupimia ikiwa imelazwa juu yake, ili umbali kutoka pembeni usomeke. Picha moja itakaa kwangu, moja kwa mzee, na moja itachapishwa na kuwekwa ndani ya mlango wa kabati la mita, ambako fundi yeyote ataanzia kutafuta koki kuu. Kijana wa ujenzi ameuliza kama anaweza kupata nakala naye, kwani ana nyumba mbili Buswelu alizofukia mabomba mwaka huu, na ukuta mmoja huko bado haujapigwa lipu.